Faili la Malisho: Namna ya Kuandaa Karatasi za Ardhi ya Kijiji Kabla Vigingi vya Hifadhi Havijafika

Kijiji kinachopakana na hifadhi kinatakiwa kiwe na sanduku la bati lenye kufuli mbili. Ufunguo mmoja akae nao mtendaji, wa pili akae nao mtu ambaye mtendaji hawezi kumwamuru. Karibu yote nitakayoeleza hapa yanaishia ndani ya sanduku hilo.

Nimekuwa mtendaji wa kijiji Simanjiro na Kiteto, mkoani Manyara. Siku hizi ni msaidizi wa kisheria, na vijiji huniita barua ikishafika au vigingi vikishachimbiwa. Kwa hiyo haya nayaandika kwa ajili ya kijiji ambacho bado hakijapata barua: kwa mwenyekiti, kwa mtendaji mwenzangu, kwa laigwanani (kiongozi wa mila wa Kimaasai), na kwa yule binti au kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye mwandiko mzuri, ambaye kila mkutano anaitwa "njoo utuandikie". Wewe hasa ndiye ninayekutaka.

Ardhi ya wafugaji ina tatizo ambalo shamba la mahindi halina. Malisho ya kiangazi, wakati wa masika yanaonekana matupu, na ya masika, wakati wa kiangazi yanaonekana matupu. Mtu akija na gari mwezi ambao mifugo imehamia upande wa pili, atapiga picha majani marefu na pundamilia, ataandika kwamba eneo halina watu, na hatakuwa amesema uongo. Alichokiona ni eneo linalopumzishwa, ila hakuna karatasi iliyomwambia hivyo. Serengeti wazee walisaini kuondoka 1958, na mwaka uliofuata ikaundwa Ngorongoro, kilomita za mraba 8,292, ili watu, mifugo na wanyamapori wakae pamoja. Tarangire ikawa hifadhi ya taifa 1970, na maji ya kiangazi ya watu wa Simanjiro yakabaki ndani. Mkomazi watu walitolewa 1988. Loliondo vigingi vilichimbiwa Juni 2022. Ukizisoma kesi zilizofuata, utaona hoja inarudi palepale: nani alikuwa akilitumia eneo, tangu lini, na imeandikwa wapi.

Mmesimama kwenye ardhi gani

Tanzania ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo zimeigawa mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Malisho yenu mnataka yathibitike kuwa ya fungu la pili.

Kifungu cha kushika kichwani ni cha 7 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Kinahesabu kuwa ardhi ya kijiji hata ile ambayo wanakijiji walikuwa wakiitumia mara kwa mara kwa miaka 12 kabla ya sheria kutungwa, na kinataja wazi ardhi iliyopumzishwa, ardhi ya kulishia mifugo, na njia za kupitisha mifugo kwenda malishoni. Toa 12 kwenye 1999 unapata 1987. Basi mzee anapotoa ushahidi wa kijiji, kipindi kinachotafutwa kwanza ni kuanzia 1987 hadi 1999. Habari za enzi ya Mwingereza ziandikeni pia, zinasaidia, lakini msizifanye ndizo pekee. Nimeona maelezo ya kurasa nyingi kuhusu Mjerumani na Mwingereza yasiyo na hata sentensi moja kuhusu mwaka 1990.

Mzee akisema "tulilisha pale tukiwa morani", msiandike hivyo mkaishia hapo. Andikeni rika lake, kisha mumuulize: ni kabla ya Operesheni Imparnati, ile ya kuwahamishia Wamaasai vijijini, au baada? Ukame wa 1984 mlikuwa mmeshahamia huku? Mwaka wa El Nino, 1997 kuingia 1998, ronjo (kambi za muda za mifugo) zilikuwa wapi? Kumbukumbu ya mzee ikifungwa na tukio ambalo hata hakimu analijua, inasimama.

Kuna mtego mmoja. Sheria Na. 4 inapotoa maana ya ardhi ya jumla inaingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya vijiji haina maneno hayo. Wanasheria wanabishana hadi leo ni ipi inashinda. Ninyi msisubiri washindane: hakikisheni hakuna hekta yenu ambayo kazi yake haijaandikwa.

Jambo jingine ni pori tengefu. Kwa sheria ya wanyamapori ya 1974, pori tengefu lilihusu uwindaji tu. Watu waliishi humo, wakalisha, wakaandikisha vijiji. Sheria mpya ya wanyamapori, Na. 5 ya 2009, ikakataza kulisha mifugo ndani ya pori tengefu bila kibali cha maandishi. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 16, inamtaka Waziri ahakikishe ardhi ya kijiji haijumuishwi ndani ya mapori tengefu, tena ilimpa miezi 12 ayapitie upya. Afisa akija kuwaambia "ninyi mko ndani ya pori tengefu tangu zamani", msimbishie historia. Mwombeni kwa adabu awaonyeshe tangazo lililotoka baada ya mapitio hayo.

Karatasi za kutafuta

Tafuteni cheti cha kuandikishwa kwa kijiji, Cheti cha Ardhi ya Kijiji chenye saini ya Kamishna wa Ardhi, ramani ya upimaji, na makubaliano ya mipaka yaliyosainiwa na kila kijiji jirani. Kama kijiji kiligawanywa, na vingi vimegawanywa, cheti cha zamani kina jina la kijiji mama na mipaka yake. Hapo kazi yenu ya kwanza ni kukaa na kijiji mama, na ifanyike mapema kabla hamjaanza kugombana.

Kisha tafuteni Tangazo la Serikali la hifadhi jirani, GN yake. Hiyo ndiyo karatasi ambayo vijiji vingi havina, nayo ndiyo inayosema hifadhi inaishia wapi. Mwishoni huwa na jedwali linaloeleza mpaka kwa maneno: kuanzia kilima fulani, kufuata korongo hadi linapokutana na barabara, na kadhalika. Mkiikosa wilayani, ombeni kwa barua, na nakala ya barua yenye muhuri wa "imepokelewa" iingie sandukuni. Mkinyimwa, barua hiyo nayo ni ushahidi.

Jedwali hilo lisomwe kwa sauti, sentensi moja moja, likitafsiriwa kwa Kimaa, mbele ya wazee wanaolijua eneo. Majina yameandikwa na makarani ambao masikio yao hayakuizoea lugha, kwa hiyo kilima ambacho kila mtoto anakijua kitasomeka kama jina la kigeni. Mzee atanyamaza, atalirudia, halafu atacheka: "Kumbe ni pale!" Chukueni daftari la kurasa pana, pigeni mistari safu nne: jina lilivyo kwenye GN, jina wanaloliita wazee, namba za GPS, na namba ya picha. Daftari hilo limewahi kukifaa kijiji kuliko wakili.

Kutembea mpaka

Nendeni wazee wawili au watatu, vijana wenye simu, mjumbe wa kijiji jirani, na mwanamke anayeijua njia ya maji. Waalikeni na watu wa hifadhi kwa barua. Wasipokuja, nakala ya barua inabaki. Kila alama isimameni, mzee aitaje, kijana aandike namba, picha ipigwe mzee akiwa ameelekeza mkono. Mti unaweza kukatwa na jiwe likahamishwa, ila picha ya mzee akiwa na kilima nyuma yake itabaki.

Sasa nisikilizeni kwenye jambo la simu, kwa sababu hapa watu wengi wanaumia. Simu yako inatumia vipimo vinavyoitwa WGS 84. Ramani za zamani za serikali, zile za mizani ya 1:50,000, zimechorwa kwa Arc 1960. Namba zilezile ukizisoma kwenye mfumo mmoja na kuziweka kwenye mwingine, alama inahama karibu mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Mita 300 zinatosha kabisa kuhamisha lambo la kijiji likaingia hifadhini. Kwa hiyo juu ya kila ukurasa wa namba andikeni: mfumo uliotumika, kanda (Simanjiro na Kiteto ni 37 Kusini; Loliondo ni 36 Kusini), tarehe, na aina ya simu au kifaa. Mtaalamu akija na namba zake, swali lenu la kwanza liwe hilohilo. Mara nyingi ugomvi unaisha hapo, na usipoisha mnajua angalau mnagombania nini.

Mahakama ya Afrika Mashariki ilipoamua shauri la vijiji vinne vya Loliondo, Ololosokwan, Oloirien, Kirtalo na Arash, Septemba 2022, vijiji vilishindwa kwa sababu mahakama haikuridhika kwamba watu walitolewa ndani ya ardhi ya kijiji na si ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Boma kuchomwa ni jambo moja, kuthibitisha boma lilikuwa upande gani wa mstari ni jambo lingine. Novemba 2023 kitengo cha rufaa cha mahakama hiyo kilitengua uamuzi na kuagiza shauri lisikilizwe upya. Huo ni zaidi ya mwaka mzima, kwa jambo ambalo daftari la safu nne lingelipunguzia uzito.

Mpango wa matumizi ya ardhi

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007 inakipa kijiji mamlaka ya kuandaa mpango wake. Wilaya inaleta timu, kijiji kinachagua Kamati ya Usimamizi wa Matumizi ya Ardhi, mnakusanya taarifa, mnachora, mkutano mkuu unapitisha, sheria ndogo zinapelekwa halmashauri ya wilaya. Hatua zenyewe timu itawaeleza. Nataka kuwaambia mambo ambayo timu, kwa haraka ya posho na mafuta ya gari, inaweza kuyapita.

Anzeni kuchora chini, kwenye udongo, kabla hamjagusa bango kitita. Majivu yawe mpaka, mawe yawe maboma, matawi mabichi yawe maji. Wanaume na wanawake wachore kila kundi peke yake. Mchoro wa wanaume utakuwa na malisho, josho na mnada. Wa wanawake utakuwa na visima vya kuchimba kwa mkono korongoni, sehemu za magadi, miti ya dawa, na njia ya kwenda kwa wakunga. Hayo yote ni matumizi ya ardhi, na yasipoingia kwenye ramani ya mwisho yatasahaulika moja kwa moja. Pigeni picha michoro kabla mbuzi hawajapita juu yake.

Kisha hakikisheni malisho yameandikwa kwa msimu: malisho ya kiangazi, malisho ya masika, alalili ya ndama (malisho ya karibu yaliyotengwa kwa ajili yao), mapito ya mifugo na upana wake, ronjo na miezi inayokaliwa. Mtaalamu akisema "tufupishe, tuandike malisho tu", mshukuruni, halafu mwendelee kuandika kwa urefu. Lile eneo lililotajwa miezi yake ndilo ambalo mpiga picha wa mwezi wa pili hawezi kuliita tupu.

Mkifika kwenye fungu la "hifadhi ya kijiji" au "ushoroba", yaani njia ya wanyamapori, pungueni mwendo. Mimi sipingi shoroba. Nyumbu na pundamilia wa Tarangire huja Simanjiro kuzaa tangu babu zetu, na kijiji cha Terrat tangu 2005 kinalipwa na kampuni za utalii ili tambarare zake zibaki malisho zisilimwe. Huo ni mfano wa uhifadhi uliotuachia ng'ombe wetu. Kinachotakiwa ni sentensi moja ndani ya mpango inayosema mifugo ya kijiji inaruhusiwa humo, miezi gani, na nani mwenye mamlaka ya kubadili. Kadhalika mkishawishiwa kuingia Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori: ardhi inabaki ya kijiji, lakini matumizi yanafuata mpango wa jumuiya, kwa hiyo someni mpango wenyewe na si kipeperushi chake.

Malisho hayafuati mipaka ya vijiji, na hilo linaweza kuwa nguvu yenu. Kiteto, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa vilifanya mpango wa pamoja, vikaunganisha eneo la malisho linalojulikana kama OLENGAPA, na baadaye wafugaji wakapata hatimiliki za kimila za eneo hilo. Bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, Wahadzabe walipata 2011 hatimiliki ya kimila ya pamoja kwa zaidi ya hekta 20,000, watu ambao hawana ng'ombe wala shamba la kuonyesha, wanaishi kwa kuwinda, asali na mizizi. Kama matumizi yao yaliandikika, yenu yataandikika. Asasi ya Ujamaa Community Resource Team ilikuwa nao, na mmoja wa viongozi wake, Edward Loure, alipata Tuzo ya Goldman 2016 kwa kazi hiyo ya hati za pamoja. Dai hati ya pamoja kwa ajili ya malisho, na hati za mtu mmojammoja ziishie kwenye maboma na mashamba. Malisho yakikatwa vipande vya watu binafsi yatauzwa, na mtauziana wenyewe kwa wenyewe.

Ukweli mmoja niuseme bila kuupamba: hati ya kimila haimzuii Rais kuhamisha ardhi kwa manufaa ya umma. Inachofanya ni kuwalazimisha wanaotaka kuhamisha wapite mlangoni, wawaite, wawasikilize, wawalipe.

Mhtasari wa mkutano mkuu

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu hapa ndipo vijiji vinapojimaliza.

Mkutano mkuu wa kijiji ni wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Halmashauri ya kijiji, watu 15 hadi 25, haina uwezo wa kusema "kijiji kimekubali" kwenye jambo ambalo sheria imelipa mkutano mkuu. Mwenyekiti aliyeitwa wilayani akanywa chai na kusaini hajakisainia kijiji. Lakini akirudi akakaa kimya, na mhtasari unaofuata usiligusie, kimya hicho mtasomewa mahakamani.

Mhtasari mzuri unaandikwa wakati mkutano unaendelea. Ukiuacha hadi wiki inayofuata ofisini, utakuwa umeshapoteza maneno ya watu. Tumieni daftari lililoshonwa, lenye kurasa zenye namba, msitumie karatasi za kuchana. Uwe na tarehe, mahali, saa ya kuanza, nani aliongoza, wageni wote kwa cheo na ofisi walikotoka. Kila ajenda iandikwe swali lililoulizwa, jibu lililotolewa na nani, kisha uamuzi kwa hesabu ya kura. Mfano:

*"Ajenda ya 3: Barua kuhusu kupitia upya mpaka wa mashariki. Mwenyekiti alisoma barua yote kwa Kiswahili, mjumbe wa kitongoji cha pili akaitafsiri kwa Kimaa. Mjumbe aliuliza mstari mpya utapita upande gani wa lambo. Afisa alijibu kuwa ramani hajaja nayo. Mjumbe mwanamke aliuliza kisima cha korongoni kitakuwa cha nani. Afisa alijibu kuwa hilo litajulikana baadaye. Uamuzi: Mkutano HAUKURIDHIA. Waliokubali: hakuna. Waliokataa: 318. Mkutano unaomba kuletewa ramani na GN kabla ya kikao kingine."*

Angalia jinsi majibu ya afisa yalivyoandikwa. Hakuna tusi hata moja. "Ramani hajaja nayo" inatosha kabisa. Mwaka ujao mtu akidai mlishirikishwa, sentensi hiyo inamjibu.

Uamuzi usiandikwe "wajumbe waliafiki kwa pamoja baada ya majadiliano marefu". Sentensi hiyo ipo kwenye nusu ya mihtasari ya nchi hii na haisemi chochote.

Mahudhurio ni balaa jingine. Watu wanakuja kwenye semina, wanapewa soda na posho, wanasaini karatasi. Baadaye karatasi ileile inabandikwa nyuma ya taarifa inayosema wananchi wameridhia. Kwa hiyo: kila ukurasa wa mahudhurio uwe na kichwa chake kilichoandikwa kwa kalamu ya wino, "Mahudhurio tu, mkutano wa tarehe fulani, ajenda fulani". Karatasi ya posho iwe mbali na kichwa chake kiseme posho. Jina la mwisho likishaandikwa, pigeni mstari chini yake hadi ukingoni ili lisiongezwe jingine. Wasiojua kusoma waweke dole gumba mbele ya mtu aliyewasomea, na msomaji asaini pembeni. Mgeni akija na karatasi iliyochapwa tayari isiyo na kichwa, mwambieni kijiji kina fomu yake. Atakasirika kidogo, halafu atasaini ya kwenu.

Muhuri wa kijiji msiusahau. Muhuri unalala kwenye sanduku, na kila unapotoka uandikwe: tarehe, karatasi gani, nani ameuomba.

Barua ikifika

Msijibu siku hiyohiyo. Igongeni muhuri wa kupokea, andikeni saa na aliyeileta, iiteni halmashauri ya kijiji, itisheni mkutano mkuu.

Ikiwa ni kuhamisha ardhi ya kijiji kuwa ya hifadhi, kifungu cha 4 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ndicho kinachoongoza. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kupata mapendekezo yenu, na hamtasikia mara nyingi hifadhi ikiomba chini ya hekta 250. Hata hivyo mapendekezo yaandikeni kwa makini, kwa sababu Waziri asipoyazingatia, hapo ndipo panapopatikana shauri. Septemba 2023 Mahakama Kuu Arusha ilibatilisha tangazo la kuanzisha Pori la Akiba Pololeti, kilomita za mraba 1,500 za Loliondo, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa. Kushirikishwa au kutoshirikishwa kunathibitishwa na nini? Mihtasari.

Fidia nayo inabidi ikubaliwe kabla ya kuhamisha. Mthamini anazoea kuhesabu bati, matofali na migomba, malisho ya pamoja kwake yanakuwa sifuri. Mpeni orodha mliyoiandaa mapema: malambo na mwaka yalipochimbwa, nguvu kazi na michango ya kila kitongoji, majosho, visima, makaburi, idadi ya mifugo inayotegemea eneo kwa kila msimu, umbali wa maji yatakayobaki.

Vigingi vikichimbiwa msiving'oe. Najua vijana watataka. Kung'oa kunageuza shauri la ardhi kuwa kesi ya jinai, na viongozi watakaokuwa rumande hawataandika barua yoyote. Pigeni picha kila kigingi, chukueni namba zake, viingizeni kwenye daftari la safu nne.

Mifugo ikikamatwa, mtu wa kwanza kufika asimame na simu mahali mifugo ilipokutwa, kabla haijasogezwa hata hatua. Idadi, saa, namba za GPS. Malipo yoyote yapite kwa kontroo namba na stakabadhi, kamwe msimpe mtu pesa mkononi. Na kuna karatasi moja ya kuogopa kuliko faini: fomu ya kufifilisha kosa. Mfugaji mwenye ng'ombe wanaokufa kiu zizini husaini chochote. Lakini ili kosa lifutwe kwa njia hiyo sharti akiri kwa maandishi, na anachokiri ni kwamba alikuwa anachungia ndani ya hifadhi. Maungamo kumi ya namna hiyo, kutoka eneo moja, yanakuwa ramani. Simlaumu anayesaini, ng'ombe ndiyo karo ya watoto. Ila kama mna namba za GPS zinazoonyesha mlikuwa kijijini, msaidieni mfugaji huyo kuandika barua ya malalamiko siku hiyohiyo, ipelekwe na kupokelewa, ili kando ya ungamo kuwe na sauti nyingine.

Mahakamani

Hapa tafuteni wakili. Kazi yenu ni kujua siku zinavyokimbia. Kuishtaki serikali kwa shauri la kawaida kunahitaji notisi ya siku 90. Kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi wa mamlaka kuna ukomo wa miezi sita tangu uamuzi utolewe. Mahakama ya Afrika Mashariki ni miezi miwili tu tangu tukio, na haina huruma na waliochelewa. Vijiji vya Loliondo vilifungua shauri Septemba 2017 kwa matukio ya Agosti mwaka huohuo, hilo waliliwahi.

Watu huniuliza mbona Waogieki wa Msitu wa Mau, Kenya, walishinda 2017 kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo iko hapahapa Arusha, nasi tusiende? Kwa sababu Tanzania iliondoa 2019 tamko lililokuwa linawaruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo, na mwaka mmoja baadaye mlango huo wa moja kwa moja ukafungwa. Waogieki wenyewe waliamuliwa fidia Juni 2022, na kuamuliwa bado si kulipwa. Kwa hiyo anzeni na mahakama za nyumbani, na mwanzo wa yote ni lile sanduku.

Makabidhiano

Faili nyingi hazichomwi moto na adui. Zinapotea siku mtendaji anahamishwa, au baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa, ambao huja kila baada ya miaka mitano. Mwenyekiti aliyeshindwa anaondoka na mafaili nyumbani kwa hasira, na mke wake anawashia jiko.

Tengenezeni orodha ya vilivyomo sandukuni, kila karatasi na idadi ya kurasa zake, ibandikwe ndani ya mfuniko. Nakala moja ya vyote iwekwe kanisani, msikitini au kwa mwalimu mkuu, nyingine kwenye asasi mnayoiamini mjini, na picha ziwe kwenye barua pepe ambayo nywila yake wanaijua watu wawili, mmoja wao akiwa kijana asiye na cheo. Anayeondoka na anayeingia wakae na mjumbe wa halmashauri, wafungue sanduku, wahesabu karatasi moja baada ya nyingine kwa kufuata orodha. Kinachokosekana kiandikwe kuwa kinakosekana. Halafu wote watatu wasaini, na kufuli zote mbili zibadilishwe.